Gerard Kuiper: Mtoto wa fundi cherehani ambaye vivuli vilikamilisha kazi yake

MACHI 10, 1977, ikiwa ni zaidi ya miaka mitatu tangu Gerard Kuiper afariki dunia, ndege iliyopewa jina lake ilikuwa juu ya Bahari ya Hindi, kusini kabisa, ikisubiri nyota moja hafifu ifichwe na sayari ya Uranusi.

Ndege hiyo ilikuwa imeruka kutoka Perth, Australia, ikiwa na darubini iliyotazama anga kupitia tundu lililokatwa ubavuni mwake. Wataalamu waliokuwamo walitaka kupima upana wa Uranusi na kuchunguza angahewa yake. Walirudi na habari kubwa zaidi: Uranusi imezungukwa na pete, jambo ambalo hadi usiku huo lilijulikana kwa sayari ya Zohali peke yake.

Kuiper hakuishi kuiona siku hiyo. Hakuishi pia kuona sehemu kubwa ya mambo ambayo leo yanabeba jina lake, likiwamo kundi kubwa la magimba ya barafu yanayozunguka jua mbali kuliko Neptuni.

Hata hivyo, ni vigumu kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kupima magimba hayo ya mbali kwa kuvizia vivuli vyake bila kuanza na maisha ya mtu huyu. Na maisha hayo yana jambo jingine la kutafakari: baadhi ya mambo aliyoyasema kwa uhakika yalikuja kuonekana si sahihi, na waliomsahihisha ndio waliolikuza jina lake.

Kijana aliyehesabu nyota za Kilimia

Alizaliwa Desemba 7, 1905, Harenkarspel, katika jimbo la Holland Kaskazini nchini Uholanzi, akapewa majina ya Gerrit Pieter. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na familia haikuwa na uwezo mkubwa.

Tangu utotoni alijaliwa macho makali kupita kiasi. Akiwa bado kijana alichora ramani ya nyota za Kilimia, kundi lilelile ambalo wakulima wa Afrika Mashariki walilitumia kwa vizazi vingi kujua majira ya kulima. Mchoro wake ulikuwa na nyota hafifu mara nne kuliko zile ambazo jicho la kawaida huweza kuziona.

Baba na babu yake walimpatia darubini ndogo. Alisoma chuo cha ualimu mjini Haarlem, njia iliyokuwa ikifuatwa na vijana wengi werevu wasio na fedha, lakini nia yake ilikuwa chuo kikuu. Mwaka 1924, baada ya kufaulu mtihani maalumu, alipokewa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Leiden ya wakati huo ilikuwa kama tanuri la elimu ya nyota. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo Ejnar Hertzsprung, Willem de Sitter na Jan Oort, majina ambayo hadi leo yanafundishwa katika kila darasa la falaki. Mwaka 1929 alisafiri na msafara wa Uholanzi kwenda Sumatra kutazama kupatwa kwa jua.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1933 kwa utafiti juu ya nyota pacha, zile zinazozungukana mbilimbili. Mwaka huohuo alivuka bahari kwenda California kufanya kazi katika kituo cha Lick.

Alikuwa amepanga kuhamia Java, kwenye kituo cha Waholanzi cha Bosscha. Lakini akiwa Chuo Kikuu cha Harvard alikutana na Sarah Fuller, wakafunga ndoa mwaka 1936, na badala ya kwenda Asia akaajiriwa katika kituo cha Yerkes cha Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1937 akawa raia wa Marekani, na jina la Gerrit likawa Gerard.

Sayari wakati wa vita

Katika miaka hiyo wataalamu wengi wa falaki waliziona sayari kama somo lililokwisha. Heshima ilikuwa katika nyota na makundi makubwa ya nyota. Mtu aliyetumia darubini kubwa kutazama Mirihi alionekana kupoteza muda.

Kuiper hakujali. Katika majira ya baridi ya mwaka 1943 kuelekea 1944, akiwa kwenye kituo cha McDonald huko Texas, alichambua mwanga wa Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, akakuta alama za gesi ya methani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuthibitisha kwamba mwezi unaweza kuwa na angahewa yake.

Miaka sitini baadaye, Januari 14, 2005, chombo cha Ulaya kiitwacho Huygens kilitua juu ya Titan na kukuta ardhi iliyochongwa na mito ya methani.

Vita Kuu ya Pili ilimtoa kwenye darubini. Alifanya kazi katika maabara ya kupambana na rada za adui, kisha akajiunga na kikosi cha Wamarekani kilichopelekwa Ulaya kuchunguza kiwango cha sayansi ya Ujerumani. Mwaka 1945 alishiriki safari ya haraka ya kumtoa mwanafizikia mzee Max Planck katika eneo lililokuwa likikaribiwa na majeshi ya Urusi.

Amani iliporejea, matokeo yalifuatana. Mwaka 1947 alionyesha kwamba angahewa ya Mirihi ina gesi ya kabonidayoksaidi. Mwaka 1948 aligundua Miranda, mwezi wa Uranusi. Mwaka 1949 akagundua Nereid, mwezi wa Neptuni.

Yote hayo aliyapata kwa kukusanya mwanga. Lakini magimba ya mbali zaidi yalikuwa na ugumu ambao mwanga peke yake haukuweza kuumaliza, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipojikwaa.

Pluto iliyopimwa kwa jicho

Mwaka 1950 Kuiper alipata nafasi ya kutumia darubini ya Palomar huko California, yenye kioo cha upana wa mita tano, kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Alikwenda kuipima Pluto.

Njia aliyotumia ilikuwa ya kulinganisha. Kwenye chombo alichofunga katika darubini kulikuwa na kiduara cha bandia cha mwanga, ambacho ukubwa wake uliweza kubadilishwa. Alikirekebisha hadi jicho lake likaona kuwa kinalingana na Pluto.

Jibu alilopata lilikuwa kwamba Pluto ina kipenyo cha takriban kilomita 5,900. Lilitoka kwa mtu mwenye macho makali kuliko karibu wenzake wote, akiwa kwenye darubini bora kuliko zote. Lakini lilikuwa zaidi ya mara mbili ya ukweli. Chombo cha New Horizons kilipopita karibu na Pluto Julai 14, 2015, kilithibitisha kipenyo cha takriban kilomita 2,376.

Jicho halikuwa na hatia. Hewa ya Dunia hutikisa mwanga unaopita ndani yake, na gimba dogo lililo mbali huonekana kama doa lililotanuka. Kuongeza ukubwa wa darubini iliyo ardhini hakuliondoi tatizo hilo.

Mwaka uliofuata, 1951, Kuiper aliandika juu ya asili ya sayari. Alisema kwamba wakati jua na familia yake vilipoumbika, lazima palibaki mabaki mengi ya barafu nje ya njia ya Neptuni. Lakini aliongeza kuwa mabaki hayo hayapo tena. Wakati huo Pluto ilidhaniwa kuwa na uzito unaokaribia ule wa Dunia, na gimba zito kiasi hicho lingeyatawanya yote.

Mtaalamu mwingine, Kenneth Edgeworth wa Ireland, mwanajeshi na mhandisi aliyewahi kufanya kazi Sudan, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1943 na 1949 kwamba magimba ya namna hiyo yapo. Kuiper hakumtaja. Hata sasa wapo wanaoona kwamba ukanda huo ungestahili kubeba majina yote mawili.

Kazi ya kivuli

Njia ya kuupita mtikisiko wa hewa ilikuwapo, na kanuni yake ni rahisi. Gimba la mbali linapopita mbele ya nyota, nyota hufichwa kwa muda mfupi. Anayepima muda huo kwa usahihi anaweza kujua upana wa gimba lenyewe, hata kama kwenye darubini linaonekana kama nukta tu.

Msomaji aliyewahi kukaa ufukweni mwa Ziwa Nyasa usiku usio na mbalamwezi, kule Liuli au Mbamba Bay, ataelewa haraka. Wavuvi wa usipa huwasha karabai ziwani ili kuwavuta samaki. Mtumbwi mwingine usio na taa ukipita kati ya mtazamaji na karabai, mtumbwi wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni taa kuzimika na kuwaka tena.

Akijua kasi ya mtumbwi, na akihesabu muda ambao taa ilipotea, mtazamaji huyo atajua urefu wake bila kuuona.

Nyota ziko mbali mno kiasi kwamba miale yake hufika ikiwa sambamba. Kwa hiyo kivuli cha gimba kinachoanguka juu ya Dunia huwa na upana uleule wa gimba hilo. Kivuli cha Pluto kina upana unaozidi kidogo umbali wa mstari ulionyooka kutoka Mbinga hadi Addis Ababa, nacho hupita kwa kasi ya kilomita ishirini na ushei kwa sekunde.

Mtazamaji mmoja hupata kipimo kimoja tu. Lakini tuseme watatu wamejipanga, mmoja Namswea, wa pili Mbinga mjini na wa tatu Songea. Wa kwanza anaweza kuona nyota ikipotea kwa muda mrefu, wa pili kwa muda mfupi, na wa tatu asione badiliko lolote.

Vipimo hivyo vikiunganishwa, umbo la gimba hujitokeza, kama fundi cherehani anavyojua mwili wa mteja kwa kupima bega, kifua na kiuno. Hata yule ambaye nyota yake haikupotea ametoa kipimo, kwa kuwa ameonyesha mpaka wa kivuli.

Na iwapo gimba lina hewa, nyota haizimiki ghafla. Hufifia polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Kwa hiyo namna nyota inavyopotea hueleza kama kule mbali kuna angahewa.

Ugumu uko katika kuwapo mahali panapotakiwa. Kivuli hakichagui penye kituo cha falaki. Mara nyingi huangukia baharini, ambako hapana mahali pa kusimika darubini.

Darubini yenye mabawa

Mwaka 1960 Kuiper alihamia Tucson, Arizona, akaanzisha maabara ya utafiti wa Mwezi na sayari katika Chuo Kikuu cha Arizona. Aliiongoza hadi kifo chake. Mmoja wa wanafunzi aliowalea kabla ya hapo, Carl Sagan, alikuja kujulikana dunia nzima.

Aliongoza wanasayansi wa mradi wa Ranger, uliopeleka vyombo kupiga picha za Mwezi kwa karibu. Ranger 7, mwezi Julai 1964, ilituma picha zaidi ya 4,300 kabla ya kugonga Mwezi. Picha hizo zilisaidia kuandaa njia ya watu kutua huko miaka mitano baadaye.

Hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi. Alikuwa mkali, mwenye kujitwisha kazi bila kupumzika, na aligombana hadharani na mwanakemia Harold Urey juu ya asili ya Mwezi. Alipoubaini ubora wa kilele cha Mauna Kea huko Hawaii kwa ajili ya darubini, mradi wa kujenga kituo ulikwenda kwa Chuo Kikuu cha Hawaii, jambo lililomuuma.

Lakini jambo moja alilolishikilia lilizaa matunda yasiyotarajiwa. Alijua kwamba mvuke wa maji ulio hewani huzuia mwanga wa joto usifike ardhini, na kwamba anayetaka kuuona lazima apande juu ya mvuke huo. Mwaka 1967 alianza kuruka na darubini ndani ya ndege ya utafiti ya Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA. Safari hizo zilionyesha kwamba mawingu ya Zuhura ni makavu mno, kinyume na walivyodhani waliotarajia kukuta maji.

Mafanikio hayo yalichangia NASA kutengeneza ndege kubwa zaidi ya aina ya Lockheed C-141, iliyobeba darubini yenye kioo cha sentimita 91.5 na iliyoweza kupanda zaidi ya kilomita 12 kutoka usawa wa bahari.

Kuiper hakuiona ikianza kazi. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Desemba 24, 1973, akiwa safarini Mexico City, na umri wa miaka 68. Ndege ilianza safari za utafiti mwaka 1974, na Mei 1975 ikapewa jina lake.

Mwanga wa joto ndio uliokuwa lengo lake. Lakini wataalamu wa kufichwa kwa nyota waliona faida nyingine: hiki kilikuwa kituo cha falaki kinachoweza kukifuata kivuli popote kinapoangukia, juu ya mawingu, hata katikati ya bahari.

Usiku ambao Uranusi ilifichua pete zake

Gordon Taylor wa kituo cha Greenwich, Uingereza, ndiye aliyekokotoa kwamba Machi 10, 1977, Uranusi ingepita mbele ya nyota iliyoorodheshwa kwa namba SAO 158687. James Elliot wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzake Edward Dunham na Douglas Mink, walipewa ndege.

Hesabu haikuwa na uhakika kamili juu ya saa wala mahali. Kwa sababu hiyo waliwasha mitambo mapema, ili wasije wakapitwa.

Tahadhari hiyo ndiyo iliyowapa ugunduzi. Zaidi ya nusu saa kabla ya sayari kuifikia nyota, mwanga ulishuka kwa sekunde chache, ukarudi. Kisha ukashuka tena, na tena. Mwanzoni walidhani ni wingu, au hitilafu ya mitambo, au kundi la miezi midogo.

Baada ya nyota kutokea upande wa pili wa sayari, mwanga ulishuka tena mara kadhaa. Walipolinganisha pande mbili, mishuko ililingana: ile ya kabla na ile ya baada ilikuwa kwenye umbali uleule kutoka katikati ya Uranusi. Vitu vinavyolingana namna hiyo pande zote mbili haviwezi kuwa miezi. Zilikuwa pete nyembamba.

Watazamaji wa ardhini, wakiwamo wa Cape Town, Afrika Kusini, na wa Kavalur, India, nao walikuwa wamenasa mishuko hiyo. Uchunguzi wa mwaka huo na uliofuata ulifikisha pete tisa. Sasa zinajulikana 13.

Pete hizo zina upana wa zaidi ya kilomita 102,000, mara nane ya upana wa Dunia. Kwa hiyo kivuli chake kilifunika eneo kubwa kuliko la ndege na vituo vilivyokuwa macho usiku ule. Kilipita pia juu ya Afrika Mashariki, karibu na usiku wa manane, Uranusi ikiwa imekwisha kuchomoza.

Katika vilima vya Namswea na kwenye fukwe za Ziwa Nyasa, nyota ileile ilififia na kurudi mara kadhaa. Ilikuwa hafifu mno kwa macho matupu. Darubini ya kiasi, kipima mwanga na saa sahihi vingetosha kuunasa ugunduzi uleule.

Afrika katika njia ya kivuli

Mwaka 1978 Mmarekani James Christy aligundua kwamba Pluto ina mwezi, uliopewa jina la Charon. Kwa kuutazama ukizunguka, wataalamu walipima uzito wa Pluto na kukuta haufiki hata sehemu moja katika mia nne ya uzito wa Dunia. Dhana ya Pluto nzito iliyotawanya mabaki yote ya barafu ikakosa nguvu.

Aprili 7, 1980, Alistair Walker alikuwa kwenye kituo cha Sutherland, Afrika Kusini, Charon ilipopita mbele ya nyota. Nyota ilipotea kwa sekunde 50. Kutokana na sekunde hizo ilijulikana kwamba Charon ina kipenyo kisichopungua takriban kilomita 1,200. Kwa namna hiyo Afrika ikatoa kipimo cha kwanza cha uhakika cha mwezi huo.

Juni 9, 1988, ndege ya Kuiper ilikuwa juu ya Bahari ya Pasifiki wakati Pluto yenyewe ilipoficha nyota. Mwanga haukukatika ghafla, ulififia polepole. Pluto ina angahewa, nyembamba sana, lakini ipo. Pluto, ambayo jicho la Kuiper halikuweza kuipima, ilichunguzwa kwa kivuli chake na ndege yenye jina la Kuiper.

Agosti 30, 1992, David Jewitt na Jane Luu, wakiwa Mauna Kea, mlima uleule aliousifu Kuiper, waliona gimba la kwanza la ukanda ulio nje ya Neptuni, ukiondoa Pluto na Charon. Sasa yanajulikana zaidi ya 3,000, na ukanda huo unaitwa ukanda wa Kuiper, ingawa yeye alikuwa amesema ulikwisha kutoweka.

Kufichwa kwa nyota kumekuwa kipimo kikuu cha magimba hayo. Novemba 6, 2010, kivuli cha Eris kilipita Chile na kuonyesha kwamba gimba hilo, lililochangia Pluto kuvuliwa hadhi ya sayari mwaka 2006, lina kipenyo cha takriban kilomita 2,326. Ni dogo kidogo kuliko Pluto, tofauti na ilivyodhaniwa. Januari 21, 2017, kivuli cha Haumea kilifichua pete.

Ndege ya Kuiper ilistaafu mwaka 1995. Lakini mtihani mgumu kuliko yote ulikuja baada ya New Horizons kuipita Pluto na kuelekezwa kwenye gimba dogo ambalo sasa linaitwa Arrokoth, takriban kilomita bilioni 6.5 kutoka hapa. Lina urefu wa kilomita 35 hivi, pungufu ya umbali wa mstari ulionyooka kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay. Kulinasa kivuli chake kulihitaji watu wengi waliojipanga kwa mstari, wakiwa na darubini zinazobebeka kwenye gari.

Juni 3, 2017, vikundi vilijipanga Argentina na Afrika Kusini, vikarudi bila kuona nyota ikizimika. Julai 17, 2017, huko Argentina, darubini tano zilifanikiwa. Vipimo vilionyesha umbo kama la vitu viwili vilivyogusana.

Agosti 4, 2018, zamu ilifika Senegal. Wanasayansi wa Senegal walishirikiana na wenzao kutoka Marekani na Ufaransa, wakasimika darubini mashambani katikati ya msimu wa mvua, mawingu yakitishia kila usiku. Walipata walichokifuata, na vipimo vyao vikasaidia kuongoza chombo.

Januari 1, 2019, New Horizons ilipita. Picha zilionyesha magimba mawili yaliyoshikana, kama vivuli vilivyokuwa vimekwisha kueleza.

Tangu chombo cha Ulaya cha Gaia kilipopima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja, njia za vivuli hukokotolewa kwa usahihi ambao Gordon Taylor hakuwa nao. Inajulikana mapema ni usiku gani, saa ngapi na juu ya nchi ipi kivuli kitapita, na ramani hizo hutolewa wazi kwa yeyote anayezihitaji.

Kuiper aliipigania sayansi ya sayari wakati wenzake walipoidharau, na akatumia darubini kubwa kuliko zote za zama zake. Lakini angahewa ya Pluto, pete za Uranusi na umbo la Arrokoth vilikuja kujulikana na watu waliokuwa mahali sahihi, kwa dakika sahihi, wakihesabu sekunde. Baadhi yao walikuwa na darubini ndogo kuliko ile aliyoiacha Texas, na baadhi walikuwa katika mashamba ya Senegal.